Kompyuta ikilala, waifai haiamki
(Kikundi cha familia: Wajukuu wa Bibi, Mikindani)

Dada Somoe: Asalaam alaykum ndugu zangu. Nisaidieni jamani. Hii kompyuta ya chama chetu cha wakulima kila nikiifunika ikalala, nikiifunua waifai imepotea. Wala haisuasui, haipo kabisa. Naizima na kuiwasha upya ndiyo inarudi. Leo mara ya tatu, na orodha ya wakulima na kilo zao inatakiwa kabla ya magharibi.

Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam mwanangu. Pole. Kifurushi hakijaisha?

Dada Somoe: Kipo shangazi. Hata simu hii ninayoandikia iko kwenye waifai hiyohiyo.

Mjomba Bakari (Newala): Basi rauta imechoka hiyo. Waambie wanunue nyingine.

Kaka Issa (Masasi): Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Mjomba naomba wasitoe hela kwanza. Simu inashika, na kompyuta ikiwashwa upya inashika. Rauta ni nzima. Dada, kwani unaifunikafunika kwa nini?

Dada Somoe: Umeme umekatika tangu saa 6. Rauta yetu ni ile ndogo ya laini, ina betri yake. Kompyuta ndiyo naionea huruma, nikienda kuswali au kupima mzigo naifunika chaji isiishe.

Mjomba Bakari (Newala): Marahaba Issa. Endelea, tunakusikiliza.

Hamisi: Shikamooni wote. Dada angalia kitufe chenye picha ya eropleni, kile kinachozima waifai, mimi shuleni kilinisumbua hicho.

Dada Somoe: Nimekiangalia mdogo wangu, hakijawashwa.

Kaka Issa (Masasi): Sawa. Sikia dada. Kompyuta ikilala inavizima vitu vinavyokula umeme, na kadi ya waifai, kile kifaa cha ndani kinachoshika mtandao, imo. Ikiamka inatakiwa iiwashe tena ile kadi. Yako inaamka yenyewe, kadi inaiacha usingizini. Ndiyo maana ukiiwasha upya inapona, kwa sababu hapo kila kitu kinaanza mwanzo. Hiyo ni Windows 10?

Dada Somoe: Ndiyo 10.

Kaka Issa (Masasi): Bofya kulia kwenye alama ya Windows, kona ya chini kushoto. Chagua "Device Manager". Tafuta "Network adapters", ifungue, humo kuna mstari wenye neno Wireless au Wi-Fi. Ubofye kulia, "Disable device". Hesabu mpaka kumi. Bofya kulia tena, "Enable device". Usiizime kompyuta.

Dada Somoe: Ngoja.

Dada Somoe: Imerudi!! Issa imerudi bila kuizima!

Shangazi Zuhura: Alhamdulillah.

Kaka Issa (Masasi): Usifurahi bado, hiyo ni kuiamsha tu. Ukiifunika italala tena. Mstari uleule, bofya kulia, "Properties", halafu juu kule "Power Management". Utaona kiboksi kina tiki, maneno yake yanasema kompyuta iruhusiwe kuzima kifaa hiki kuokoa umeme. Toa tiki. OK.

Dada Somoe: [picha] Ni hiki cha juu?

Kaka Issa (Masasi): Hichohicho. Cha chini usikiguse.

Hamisi: Kaka mbona kwenye kompyuta ya rafiki yangu sehemu hiyo ya Power Management haipo?

Kaka Issa (Masasi): Mashine nyingi mpya hazionyeshi, zinalala kwa namna nyingine. Huyo aweke draiva mpya ya waifai, yaani programu inayoendesha ile kadi, kutoka tovuti ya waliotengeneza kompyuta yake, aangalie namba ya modeli chini ya mashine. Asipakue draiva kwenye tovuti za ovyoovyo, watu wanaingiza virusi hivyo.

Dada, jambo jingine. Ukibonyeza "Shut down", Windows mara nyingi haizimiki yote, inahifadhi sehemu ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo kasoro ya leo unaweza kuikuta kesho asubuhi. Ukitaka izimike kwelikweli, chagua "Restart", au shikilia Shift wakati unabofya "Shut down".

Mjomba Bakari (Newala): Hilo sikulijua. Mimi yangu naizima kila siku nikidhani imepumzika.

Shangazi Zuhura: Na hiyo chaji sasa si itakwisha upesi, kama kadi haizimwi?

Kaka Issa (Masasi): Itapungua kidogo sana shangazi. Kinachomaliza chaji ni mwanga wa kioo. Dada punguza mwanga. Kisha ifunike robo saa tuone.

Dada Somoe: Nimeifunika. Kuna mzee ameleta magunia, naenda mizanini.

*Saa 10:50 jioni*

Dada Somoe: Jamani nimerudi. Nimeifunua, nikahesabu moja, mbili, tatu, waifai ikashika yenyewe. Nimeifunika tena, nimeifunua tena, inashika. Issa, Mungu akuzidishie. Toka jana sijalala vizuri, nilikuwa nawaona wale wakulima wakija kuniuliza hela zao.

Kaka Issa (Masasi): Amin dada. Tuma sasa kabla chaji haijaisha.

Dada Somoe: Imeondoka. Wamejibu wameipata.

Shangazi Zuhura: Somoe mwanangu, na mimi nimo humo?

Dada Somoe: Umo shangazi. Mstari wa 27, magunia 4, kilo 318.