Programu ya OCaml inakufa yenyewe bila mpangilio, naombeni msaada wakuu

karani_wa_mizani
Habari za jioni wakuu. Nina programu nimeiandika kwa lugha ya OCaml toleo la 4.14, inasoma mizani kwenye ghala la korosho huku Mtwara, inachukua kilo na kutoa risiti. Sasa inakufa tu yenyewe, saa nyingine baada ya dakika 40, saa nyingine inamaliza siku 2 iko vizuri halafu ghafla skrini inaandika Segmentation fault (yaani imegusa memori isiyoruhusiwa) basi, hakuna eksepsheni wala namba ya mstari, OCAMLRUNPARAM=b (ya kuonyesha eksepsheni imetokea wapi) nimeweka na bado haisemi kitu. Kinachonichanganya zaidi nikiongeza Printf (ya kuandika kwenye skrini) nione imefia wapi inaacha kufa, nikiitoa inaanza tena. Mkulima gunia lake liko juu ya mizani, foleni nyuma yake, na karani anarudi kwenye daftari, inaniuma sana maana mimi ndo niliwaambia daftari waliache. Nianzie wapi?

mzee_wa_kodi
Pole mkuu. Kwanza pima ramu ya hiyo mashine kwa memtest usiku kucha, maghala yana joto na vumbi.

karani_wa_mizani
Nimepima mkuu, safi. Na kwenye laptop yangu nayo inakufa.

binti_pwani
Una List.map (ya kubadilisha kila kitu cha orodha) kwenye orodha ndefu? Kabla ya toleo la 5.1 ilikuwa inakula staki (memori ya fanksheni ambazo hazijamaliza), orodha ikiwa kubwa sana staki inajaa.

karani_wa_mizani
Orodha zangu hazizidi vitu 200 dada.

fundi_ocaml
Ndugu, OCaml tupu haifi hivyo. Ukiona Segmentation fault uliza vitu vichache tu: umetumia Obj.magic (kulazimisha aina ya data)? umekompaili na -unsafe (inayoondoa ukaguzi wa mipaka ya safu)? unasoma data ya Marshal (iliyohifadhiwa kama baiti) kwa aina isiyo yake? au kuna kodi ya lugha ya C humo ndani? Mizani unaisomaje?

karani_wa_mizani
Kuna C ndiyo, niliandika mwenyewe kama mistari 60. Sehemu inayorudisha jibu hii hapa:

value r = caml_alloc_tuple(2);
Store_field(r, 0, caml_copy_string(buf));
Store_field(r, 1, caml_copy_double(kg));
return r;

fundi_ocaml
Ndo hapo hapo. Mzoa taka wa memori ya OCaml (garbage collector, anayefuta vitu visivyotumika tena) anahamisha vitu, kilichokuwa hapa akipita anakipeleka kwingine, na anarekebisha poinita (anwani za vitu) zile tu anazozijua. Hiyo r yako hajui kama ipo. Ukiita caml_copy_string na memori changa (sehemu ya vitu vipya) ikawa imejaa wakati huo huo, anapita, tapo lako (hiyo r yenye vitu viwili) linahama au linafutwa kabisa, wewe unaandika kwenye anwani ya zamani. Mara nyingi haijajaa ndo maana siku 2 zinapita salama. Na Printf nayo inakula memori, kwa hiyo inasogeza ile saa ya kuzoa, ndo maana ukiiweka tatizo linajificha. Anza fanksheni na CAMLparam0(), tangaza CAMLlocal1(r), na mwisho CAMLreturn(r), usiandike return ya kawaida; hizo ndo zinamjulisha mzoa taka kuwa r ipo.

Ila usirekebishe kwanza! Lifanye tatizo litokee haraka ujue ni lenyewe. Memori changa kwa kawaida ni maneno 256k, yaani MB 2 kwenye biti 64, iendeshe na OCAMLRUNPARAM=s=4k mzoa taka apite kila mara. Ulinki pia na -runtime-variant d, hiyo inakagua mambo mengi zaidi.

karani_wa_mizani
Aisee mkuu, na s=4k haikumaliza hata dakika moja. Imekufa mara 5 mfululizo, nilikuwa natafuta hiki kitu wiki 3. Nimeweka CAMLparam na CAMLlocal, nimeiacha na s=4k hiyo hiyo tangu jana asubuhi, bado inadunda. Swali lingine, nina fanksheni inayochukua String_val(jina), yaani poinita ya maandishi, halafu inaita caml_enter_blocking_section (inayoachia rantaimu, injini inayoendesha OCaml) ikisubiri mizani, hii iko sawa?

fundi_ocaml
Hapana. Ukishaiachia rantaimu, thredi nyingine (kazi nyingine ndani ya programu hiyo hiyo) inaweza kumwamsha mzoa taka, maandishi yakahama na poinita yako ikabaki hewani. Yanakili kwanza kwa caml_stat_strdup, nakala ambayo mzoa taka haigusi, ndo uingie kusubiri, ukitoka uiachie kwa caml_stat_free.

karani_wa_mizani
Nimebadilisha nayo. Jumatatu naipeleka ghalani, s=4k nitaiacha hivyo hivyo wiki nzima.

binti_pwani
Leta mrejesho hapa hapa, na mimi nina programu ya printa ya risiti inafanya hivyo hivyo, C yake niliikopi tu sijawahi kuifungua.