Ukoo wa Mzee Salum 🌴

Baba Mdogo Idi: Assalaam aleikum. Hukumu imesomwa leo Mahakama Kuu hapa Tanga. Aliyemuua Hamza ametiwa hatiani. Kunyongwa hadi kufa.

Mwanahamisi: Alhamdulillah 😭 Miaka mitatu nenda rudi, nenda rudi.

Abuu: Sasa wamnyonge kweli, isiwe maneno matupu

Zuhura: Abuu, nchi hii mara ya mwisho kunyonga mtu ni 1994. Hata hujazaliwa.

Abuu: Sasa hukumu ya nini? Geresha?

Zuhura: Jaji hana hiari. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni hiyo moja. Wanaoepuka kamba ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema 2019 kwamba kumnyima jaji hiari hivyo kunavunja haki ya kuishi.

Baba Mdogo Idi: Hao wa Arusha hawakumwosha Hamza. Mimi ndiye niliyemwosha.

Zuhura: Samahani Baba Mdogo 🙏🏾

Baba Mkubwa Rashidi: Mimi nimevaa magwanda ya magereza hadi nastaafu, na upande wa kondemu, wale waliohukumiwa kifo, nimekaa. Funguo zikilia alfajiri kabla ya muda wake, chumba kizima kinanyamaza. Kila mmoja anadhani ni yeye. Na hiyo si siku moja, ni miaka, maana hati haitembei bila saini ya Rais. Magufuli 2017 alisema hadharani wasimpelekee orodha.

Abuu: Wateseke tu. Hamza hakuteseka?

Baba Mkubwa Rashidi: Yuko niliyempa uji miaka saba, rufaa ikamwachia. Shahidi alimfananisha. Alipotoka hakujua nauli ya basi ni shilingi ngapi. Tungekuwa tumemnyonga ungemrudishia nini?

Abuu: 🎤 0:48

Mwanahamisi: Abuu punguza sauti, watoto wamelala

Nassor (Maskati): Huku Oman wenye damu ndio wanaoulizwa. Walii, yaani ndugu wa aliyeuawa, akisamehe, au akikubali diya, kisasi kinakoma. Al-Baqara aya ya 178.

Baba Mdogo Idi: Kwa hiyo Nassor unataka tule hela ya damu ya Hamza?

Nassor (Maskati): Sikusema hivyo ami. Nimesema wanaulizwa.

Zuhura: Kwetu hata wakisamehe haibadilishi kitu. Kesi ni ya Jamhuri dhidi ya mshitakiwa. Shangazi pale alikuwa shahidi wa pili, basi.

Abuu: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo kaka Rashidi. Nimesoma yote. Siku ile wakili wa serikali aliniuliza kama ile simu ni ya mwanangu, nikasema ndiyo, nikaambiwa nishuke. Miaka mitatu neno langu ni hilo ndiyo. Sijasamehe, Nassor baba usiniharakishe. Na kamba sijaiomba pia. Hamza usiku ule alipigiwa simu akatoka anacheka, mtu alikuwa anamjua. Nani alimpigia? Huyu anajua na hajasema. Akifa nalo nitamuuliza nani? Kaka, mtu kama mimi anaruhusiwa kumwona wa kondemu?

Baba Mkubwa Rashidi: Marahaba mdogo wangu. Uamuzi ni wa mkuu wa gereza. Kesho nitampigia kijana mmoja niliyefanya naye kazi.

Baba Mdogo Idi: Dada unakwenda kukaa na muuaji??

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, na yeye akikata rufaa?

Zuhura: Ana siku 30 kutoa taarifa ya rufaa. Baada ya hapo ni kusubiri Mahakama ya Rufani, inaweza kuwa miaka.

Shangazi Mwanaidi: Basi nina muda.

Baba Mdogo Idi: Haya. Mimi sitakwenda, lakini nauli nitakupa.

Baba Mdogo Idi: Kisomo cha Hamza ni Ijumaa baada ya Alasiri. Sufuria kubwa iko kwa nani?

Mwanahamisi: Kwangu. Mfuniko ndio sijui