Fonti "chakavu" ya kulipia: herufi A zote zina mkwaruzo mmoja, na pesa hawarudishi!

Wakuu, leo mnivumilie, nimechafukwa.

Mimi ni fundi wa mabango na lebo hapa Mwanga, Kigoma. Kuna mama anafungasha dagaa kupeleka Dar, akataka lebo yenye sura ya kizamani, kama maandishi ya makasha ya bandarini. Nikanunua mtandaoni fonti ya slabu, zile herufi nene zenye miguu ya mraba, iliyochakazwa makusudi ionekane imepigwa chapa kwa mbao zilizochoka. Kwenye tangazo lao ilikuwa moto. Wameandika WHISKY, kubwa, mikwaruzo imetulia.

Mimi nikaandika DAGAA WA KIGOMA.

Angalieni zile A mbili za mwisho kwenye DAGAA. Zimekaa bega kwa bega, kila moja ina kipara kilekile mguu wa kushoto na vinukta vitatu vilevile juu ya kijiti cha katikati. Nenda kwenye WA, kipara hicho. KIGOMA, hicho tena. Uchakavu gani huo wa kupiga mhuri? Ndipo nikaelewa kwa nini walichagua WHISKY: hakuna herufi inayojirudia. Wahuni hawa.

Tangu Darius Wells aanze kuzalisha herufi za mbao kwa wingi kule New York mwaka 1827, mpiga chapa alikuwa na vipande kadhaa vya A, na kila kipande kikachakaa kivyake. Ndiyo sura tunayoilipia! Na kompyuta inaliweza hilo: mchoraji anachora A tatu au nne tofauti, fonti inazibadilisha yenyewe unavyoandika. Wapo wanaofanya hivyo. Hawa wamefanya uvivu wakatupandishia bei.

Kwenye plota, ile mashine ya kukatia stika kwa kisu, sitawalaumu sana, maana fonti chakavu zote zinasumbua kwenye stika. Kila kachembe kisu lazima kikazunguke, halafu uchomoe makombo kwa sindano mpaka macho yatoke. Ila kama unajua hivyo, kwa nini uandike "inafaa kwa plota"?

Halafu kuna jamaa wa bucha. NYAMA YA NG'OMBE. Pale kwenye king'ong'o kikatokea kisanduku kitupu. Fonti ya kulipia haina hata hicho kialama! Nimekichonga mwenyewe kutoka kwenye koma.

Nimewaandikia. Jibu: bidhaa za kidijitali hazirudishwi, ila nikiongeza pesa nitapata toleo kamili lenye herufi mbadala. Yaani A ya pili inauzwa peke yake.

Yule mama alipoona sampuli ya kwanza aliniuliza, "Fundi, wino umekuishia?" Nikakosa jibu.

Mwenye slabu chakavu yenye A angalau tatu na kialama cha ng' aweke jina lake hapa. Zile za "bure kwa matumizi binafsi" msinitumie, lebo ya dagaa ni biashara na sitaki kesi.