Tumepigwa mchana kweupe Akihabara: laki nne za madafu kwa kuonyeshwa mageti yaliyofungwa

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, anayetaka vitu vifupi apite tu.

Nipo Japani kwa shughuli za magari, na safari hii nimekuja na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ahadi yetu ilikuwa akifaulu kidato cha sita nampeleka Akihabara, ule mtaa wa Tokyo wa maduka ya elektroniki na katuni, na kafaulu. Huyu mtoto anajua anime na manga, yaani katuni za Kijapani za video na za vitabu, kuliko anavyowajua ndugu zake wa Korogwe. Mimi anime sina habari nazo, lakini nilianza maisha kama fundi redio Kariakoo, na mafundi wa rika langu jina la Akihabara tumekua nalo. Kabla ya midoli na katuni pale palikuwa soko la vipuri. Vita vya pili vya dunia vilipoisha wachuuzi walitandaza valvu na nyaya za redio barabarani, baadaye wakasukumiwa chini ya reli, na baadhi ya vibanda vipo mpaka leo. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hamu yangu, mtoto na yake.

Tukalipia ziara ya kutembea kwa miguu na mwongozaji. Kampuni siitaji, mods mnajua sababu. Tangazo lao linasema mwongozaji ana leseni, kundi ni dogo, mtapelekwa maduka ya siri wasiyoyajua watalii, na mwisho mtakaa kwenye kafe ya wale wasichana wanaovaa sare za vijakazi, "gharama zote zimo". Yen 12,000 kwa kichwa. Tupo wawili, fanyeni hesabu wenyewe.

Picha ya tangazo inaonyesha watu wametapakaa katikati ya barabara pana, hakuna gari hata moja, pande zote mabango ya rangi. Barabara hiyo ni Chuo-dori, na hufungwa magari Jumapili tu, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na kuanzia Oktoba hadi Machi mwisho ni saa kumi na moja. Ziara yao ni ya asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Maana yake hakuna mteja wao hata mmoja, tangu wameanza biashara hiyo, aliyewahi kuona walichomuuzia kwenye picha. Sisi tulibanana kwenye njia ya waenda kwa miguu huku malori yakishusha mizigo.

Na hiyo asubuhi ndiyo penyewe. Tulikutana kituoni, mlango wa kutokea wa Electric Town, saa tatu. Wakuu, saa tatu Akihabara imelala! Maduka mengi ya anime na magemu yanafungua saa tano. Mandarake, lile jengo jeusi la ghorofa nane lililojaa mitumba ya manga na midoli, ambalo ndilo hasa mtoto alilolifuata, linafungua saa sita mchana. Ziara yetu ilikuwa inakwisha saa sita kasoro. Mtu aliyepanga ratiba ile alikaa chini, akaangalia saa za kufungua, akachagua muda ambao hakuna kinachofunguliwa. Mwongozaji anasimama mbele ya geti la chuma, anasema humu ndani kuna magemu ya zamani mengi sana, watu wanapiga picha geti, tunasonga. Geti lingine, humu kuna midoli. Tunasonga. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, mbona hatuingii popote?" Nikamwambia subiri mama, labda wanakaribia kufungua.

Hata palipokuwa wazi hatukuingia. Hilo "kundi dogo" lilikuwa la watu kumi na nane. Sasa kwa aliyewahi kufika anajua kwamba barabarani pale hakuna kitu, mambo yote yapo juu na chini ya ardhi. Majengo ni membamba, ghorofa moja kadi, nyingine magemu, nyingine midoli, ngazi mnapishana kwa ubavu na lifti inabeba watu wachache. Super Potato, duka la magemu ya zamani, lipo ghorofa ya tatu mpaka ya tano, na ile ya juu kabisa kuna mashine za kuchezea kwa sarafu. Watu kumi na nane huwapandishi kule bila kumziba mwenye duka pumzi. Ndiyo maana ziara ya makundi pale lazima iwe ya kutazama mabango, na hao wanaoiuza wanalijua hilo kuliko sisi.

Kilichoniuma mimi binafsi ni Radio Center, soko la vile vibanda vya vipuri. Ipo hapo hapo ukitoka stesheni, chini ya njia ya treni. Tulipokatiza kama saa nne na nusu vibanda vilikuwa vinaanza kufunguliwa. Vidogo kama vile vya mafundi simu wa mtaa wa Aggrey, kila mwenye kibanda kakaa katikati kazungukwa na visanduku vya resista, swichi, plagi, mita, taa za LED za kila rangi, kila kitu na bei yake kwa kalamu. Mzee mmoja alikuwa anapanga vikapasita kwa koleo ndogo, kimoja kimoja, kwa ukubwa. Nikasimama. Nilikuwa nataka dakika kumi tu. Yule mwongozaji akanipungia kibendera, "Twende, twende, hapa hakuna kitu, ni nyaya tu."

Nyaya tu. Mtaa mzima umetoka kwenye hizo nyaya! Mafundi ndio waliowaleta wauza kompyuta, na wateja wa kompyuta ndio hao hao waliokuja kuwa wateja wa magemu na anime. Ukilipwa kueleza historia ya Akihabara, ukapita hapo bila kusimama, umekula hela ya nini?

Halafu hata historia aliyotoa ilikuwa ya kusoma kwenye simu. Tulipofika Radio Kaikan, jengo la maduka la ghorofa, akatuambia limesimama hivi hivi tangu miaka ya sitini. Mpwa wangu kwa adabu zake akamwambia kaka, lile la 1962 lilibomolewa, hili limefunguliwa 2014. Akajibu "inawezekana", akaendelea. Kwenye makutano ya Chuo-dori akasimulia lile tukio la Juni 8, 2008, mtu aliyeparamia watu kwa lori kisha akawachoma visu, wakafa saba. Alilisimulia anacheka, kama kionjo. Ni tukio lililofanya huo utaratibu wa kufunga barabara Jumapili usimamishwe mpaka Januari 2011. Hilo hakulisema, alikuwa anaelekeza watu wasimame wapi wapate picha nzuri ya makutano.

Hapo nikamuomba anionyeshe leseni. Na hapa wakuu sikilizeni, kwa sababu hili linawahusu wote mnaokuja huku. Japani ina sheria ya waongozaji wakalimani tangu 1949. Zamani huruhusiwi kuongoza wageni kwa malipo bila leseni ya taifa. Januari 2018 wakalegeza, sasa yeyote anaweza kufanya kazi hiyo, ila kujiita mwongozaji mwenye leseni bado ni kwa waliofaulu mtihani na kusajiliwa tu, na hao wanatakiwa watembee na cheti chao na wakionyeshe wakiombwa. Kwa hiyo kuongoza bila leseni si kosa. Kudanganya kwenye tangazo kwamba unayo, hiyo ni habari nyingine. Kijana akanijibu leseni "ipo ofisini". Nikamuuliza yupo Tokyo tangu lini, akasema miezi michache. Sina ugomvi naye, anatafuta riziki kama sisi. Ugomvi wangu ni na aliyemtuma.

Duka pekee tulilokaa lilikuwa la zawadi, lenye bango kubwa la msamaha wa kodi, na lenyewe lilikuwa wazi asubuhi ile kama vile lilikuwa linatusubiri sisi. Tulikaa humo karibu saa nzima. Mandarake sekunde thelathini nje ya geti, duka la zawadi saa nzima. Mwanzoni nilidhani tunapumzika, mpaka nilipoona keshia anagonga namba ya kundi letu nyuma ya kila risiti na mwongozaji anapokea karatasi mlangoni. Nimefanya biashara Kariakoo miaka mingi, hiyo karatasi naijua bila kuisoma. Ni kamisheni. Na hata huo msamaha wa kodi hawakuuandaa: kodi ya mauzo ni asilimia 10, kuipata unatakiwa ununue kuanzia yen 5,000 na uwe na pasipoti yenyewe mkononi, siyo picha ya kwenye simu. Hakuna barua pepe yao hata moja iliyotaja pasipoti. Baba mmoja wa Kibrazili alikuwa ameiacha hotelini, akalipa bei kamili kwa vitu vya watoto wake watatu.

Kafe nayo. Niseme kwanza kwamba wale mabinti hawana kosa, wanafanya kazi yao kwa moyo. Aliyetuhudumia alileta wali uliofunikwa kwa yai, akapiga magoti pembeni ya meza, akachora paka kwa tomato sosi taratibu huku ametoa ncha ya ulimi, na mpwa wangu alifurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Shida ni bili. Kumbe kilichokuwa "kimo" ni ada ya kukaa tu. Kwenye kafe za namna hiyo kila mgeni analipa ada ya kukaa na lazima aagize angalau kitu kimoja, ndiyo utaratibu wao na umeandikwa kwenye menyu, siyo siri. Aliyetuficha ni kampuni. Pia kupiga picha wahudumu ni marufuku, ukitaka picha unalipia ile ya kutoka hapo hapo kwenye kamera. Hatukuambiwa. Mzee mmoja kwenye kundi letu akainua simu, akazuiwa mbele za watu, akakaa kimya mpaka tunaondoka. Mtu mzima kuaibishwa hivyo kwa uzembe wa mwingine, mimi iliniuma.

Nimewaandikia. Jibu la kwanza lilikuwa la kompyuta. La pili likasema "maoni yako ni muhimu kwetu" na kunipa kuponi ya punguzo la asilimia 10 kwenye ziara yao nyingine. Yaani nirudi nipigwe kwa bei nafuu.

Baada ya kuachana nao saa sita, mimi na mtoto tulirudi wenyewe, bure. Mandarake tulipanda lifti hadi juu, tukashuka ghorofa moja moja kwa ngazi. Radio Kaikan kuna maduka ya makabati ya vioo ambamo mtu binafsi anakodi kiboksi chake na kuuza alichonacho. Mdoli ule ule uliokuwa yen 8,800 kwenye duka la zawadi ulikuwa humo kwa 3,500, boksi limebonyea kidogo pembeni, basi. Mimi nikarudi Radio Center kwa yule mzee, Kijapani sijui na yeye Kiswahili hajui, nikamwonyesha kwa vidole, nikatoka na mfuko wa vipuri na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Jioni tukapanda mpaka hekalu la Kanda Myojin, dakika chache kwa miguu, ambako wanauza hirizi za kulinda kompyuta. Kweli kabisa, na nimenunua moja ya kuweka dukani kwangu.

NYONGEZA: Naona wanaosema "si ungeenda mwenyewe tu tangu mwanzo". Mkuu, mtu akiuza huduma akachukua hela, maswali aulizwe yeye. Tusigeuze kila anayepigwa kuwa ndiye mkosaji.

Aliyeuliza kuhusu Nakano Broadway: ndiyo, panafaa sana kwa wapenzi wa vitu vya zamani, jengo lina maduka mengi madogo madogo, Mandarake makao yao makuu yapo humo. Kutoka kituo cha Shinjuku, hapo hapo Tokyo, kwa treni ya Chuo hata dakika kumi hazifiki. Ila na huko nenda mchana, asubuhi utaona mageti tu.

Ninachohitaji kwenu sasa: nililipa kwa kadi ya Visa ya benki ya nyumbani. Kuna aliyewahi kupinga malipo ya nje kwa hoja kwamba huduma haikulingana na tangazo? Tangazo nimelipiga skrini kabla hawajalibadilisha, risiti ninazo, mazungumzo ya barua pepe ninayo. Tawi langu wananiambia nijaze fomu nikirudi Dar, nami naogopa muda utapita. Aliye kitengo cha kadi benki yoyote aje hapa au anitumie ujumbe.

Na mods, msiuunganishe huu uzi na ule wa viza za Japani.