Tupeane uzoefu: unampimaje daktari wa familia aliye mafunzoni akiwa kazini?

Wadau, salaam. Nasimamia madaktari wanaosomea udaktari wa familia. Kila mwisho wa mzunguko wa mafunzo naletewa rundo la fomu za tathmini, zote "vizuri sana", maoni neno moja. Piramidi ya Miller ya 1990, ile ya ngazi nne za umahiri wa daktari kutoka chini hadi kileleni, tunaijua: anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya. Hicho cha kileleni hakionekani kwenye fomu iliyojazwa kwa kumbukumbu. Nyie mnafanyaje?

Msimamizi mwenzako:
Ingia chumbani, mkuu. Mgonjwa akisharidhia, kaa nyuma yake kidogo. Ukikaa kando ya daktari, mgonjwa atajieleza kwako. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, ndivyo watafiti Norcini na wenzake walivyopendekeza 1995 badala ya ule mtihani mrefu wa mgonjwa mmoja. Kuna kijana nilimtazama akihoji maumivu ya kichwa, maswali yote sahihi. Mama wa watu akasema mara mbili, "Dada yangu alianza hivihivi." Kijana anaandika tu. Nilichojaza kwenye maoni ni sentensi hiyo ya mama, kama ilivyo. Hakubisha.

Ninayepimwa:
Tuseme ukweli, tunachagua wagonjwa wepesi na wasimamizi wapole. Mnatuambia fomu ni ya kujifunzia, kisha jopo la mwisho wa mwaka linaisoma kama mtihani. Nani atapeleka kesi iliyomshinda? Msimamizi wangu aliniambia, "Niletee iliyokunyima usingizi," tukaijadili vizuri mpaka akauliza, "Na angekuwa mjamzito?" Hapo nilikwama.

Msimamizi mwenzako:
Swali la "angekuwa" linakurudisha kwenye "anajua namna", ngazi mbili chini ya "anafanya". Angekuuliza kwa nini uliandika dawa ile, kwa mgonjwa yule, siku ile.

Muuguzi:
Na sisi tunaletewa fomu ya kumtolea maoni daktari, eti bila majina. Kituo kina wauguzi wawili. Asiyejua nimeandika mimi ni nani?

Mwanzisha mada:
Sista, hapo umegonga penyewe. Kwetu maoni anayakusanya mtu wa nje ya kituo, anachanganya ya wauguzi, mapokezi, maabara na famasia, ndipo daktari anasomewa. Yenye uzito mara nyingi hutoka mapokezi, maana kule hakuna daktari anayejua kuwa anatazamwa.