Pedali inazama, unauziwa pedi! Mafundi wa breki acheni kubahatisha na maisha ya watu

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira. Kuna ugonjwa umeenea kwenye gereji zetu hapa Uganda. Mtu analeta pikapu, anaeleza vizuri kabisa kwamba akikanyaga breki na kushikilia, pedali inashuka polepole mpaka sakafuni. Fundi hafungui hata boneti, anakimbilia magurudumu. Anaweka pedi mpya, anatoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki, pedali inapanda kidogo, anapokea hela. Wiki haiishi imezama tena. Na gari hilohilo ndilo linalobeba matoke kutoka Isingiro, ndilo linaloteremka Kapchorwa na mzigo hadi juu!

Pedi haziwezi kuzamisha pedali. Zikilika, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi) inasogea mbele na mafuta ya breki kwenye kikopo yanapungua, basi. Pedali inazama kwa sababu presha inatoroka mahali fulani, na kazi ya fundi ni kupatafuta mahali hapo kabla ya kuuza spea.

Kwanza tofautisheni dalili. Pedali laini kama sponji ni upepo. Pedali iliyo chini lakini ukipampu mara mbili inapanda na kubaki juu, mara nyingi ni breki za nyuma za ngoma zimelegea na zinataka kuadjastiwa. Pedali inayoshuka kidogo pale unapowasha injini kisha ikasimama, hiyo ni busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) inafanya kazi yake, msiiguse. Inayozama ni ile inayoendelea kushuka mguu ukiwa umetulia.

Kuipima hakuna gharama. Zima injini, kanyaga mara tano sita mpaka nguvu ya busta iishe na pedali iwe ngumu. Kandamiza kwa nguvu ya kawaida, shikilia dakika nzima. Halafu rudia ukikandamiza kidogo tu. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: mpira wa ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) una mdomo, na presha kubwa inausukuma mdomo huo ubane ukuta wa silinda. Masta iliyochoka inaweza kushika vizuri ukiikanyaga kwa kishindo, lakini ikapitisha mafuta ukiigusa kidogo kama dereva aliyesimama kwenye jam. Fundi anayekanyaga mara moja kwa nguvu zote na kusema "iko sawa" hajapima kitu.

Wakati huo kikopo kiwe na alama ya kalamu. Pedali ikizama na mafuta hayapungui wala hakuna palipolowa, shaka ya kwanza ni masta: mafuta yanapita kando ya mpira na kurudi yalikotoka. Yakipungua, yanavuja nje, na kwa kawaida yanaonekana. Kunjua mpira wa vumbi wa wili silinda za nyuma (visilinda vya breki vilivyo ndani ya ngoma). Mafuta yakichuruzika, umepata, na lainingi zilizolowa zitupwe, zisioshwe kwa petroli na kurudishwa. Fuata paipu ya chuma chini ya chasisi mahali inapopita kwenye klipu, maana tope linakaa pale na kutu inaanzia pale. Kagua hozi zote kwenye maungio, na ile valvu ya mzigo iliyo juu ya eksoli ya nyuma (inapunguza presha ya breki za nyuma gari likiwa tupu), ambayo wengi hawajui hata kama ipo.

Mafuta yanapungua lakini chini pakavu? Tazama rangi ya busta chini ya masta. Ikiwa imebabuka na kuacha chuma kitupu, mpira wa nyuma wa masta unavujisha. Legeza nati mbili, isogeze masta mbele kidogo uchungulie: kukiwa na majimaji ndani, mafuta yanaingia kwenye busta na yatakula diaframu yake. Mteja atalipia vitu viwili badala ya kimoja.

Anayetaka uhakika kabla ya kununua masta, afungue paipu zinazotoka kwenye masta kwa spana ya paipu, mara nyingi namba 10 (spana ya kawaida inakula kona za nati), azibe matundu kwa plagi za chuma zenye hesi inayolingana, atoe upepo uliobaki ndani, akanyage. Ikizama, masta imekufa. Ikisimama kama jiwe, masta ni nzima, tatizo liko mbele. Hapo rudisha paipu, toa upepo, bana hozi moja moja kwa klempu yenye mdomo mpana wa mviringo; ukibana moja pedali ikasimama, tatizo liko upande huo. Koleo la meno linapasua hozi kwa ndani.

Sasa kosa linaloniudhi kuliko yote: kutoa upepo kwa kukanyaga pedali mpaka sakafuni kwenye gari la zamani. Sehemu ya mbele ya silinda ambayo pistoni kwa kawaida haifiki ina kutu na vishimo. Ukiusukuma mpira huko, mdomo wake unachanika, na gari lililokuja na wili silinda mbovu linaondoka na masta mbovu pia. Weka kipande cha ubao chini ya pedali! Valvu ya mzigo nayo inataka gari liwe limesimama kwa magurudumu yake. Ukiliinua nyuma eksoli ikaning'inia, valvu inabana njia na upepo hautoki vizuri.

Seti ya mipira peke yake inafaa kama silinda ndani ni laini. Ukipitisha kidole ukasikia mikwaruzo au vishimo, nunua masta nzima. Ukienda kununua spea Kisekka au Ndeeba, Kampala, beba ya zamani, linganisha kipenyo kilichochorwa ubavuni, siyo umbo tu.

Na wanaoongeza oili ya injini au ya stelingi kwenye kikopo, acheni! Mipira ya breki inavimba. Mpira wa kifuniko cha kikopo ukiwa umetuna na haurudi mahali pake, mfumo mzima umeharibika: osha paipu, badilisha mipira yote, hozi zote. Weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka kwenye chupa iliyofungwa. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo.

NYONGEZA: mmeuliza kuhusu pikapu zenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki ghafla). Masta ikisimama na plagi, hozi zote zikabanwa, hakuna pavujapo na pedali bado inazama, basi valvu ndani ya kizimba cha ABS inapitisha mafuta. Mkifika hapo tu ndipo mzungumzie kuibadilisha, maana ni ghali, na gereji nyingi zinaanzia huko.