Wiki nzima mvua Muheza, mtaro umeachwa wazi, halafu tunaambiwa "hiyo ni kazi ya Mungu"

Wakuu, salaam.

Sina kawaida ya kufungua uzi. Mimi ni msomaji tu humu, mara moja moja nachangia kwenye mambo ya mpira. Leo naandika nikiwa nimekaa kitandani miguu juu, na si kwa uvivu: chini kuna maji. Simu ina asilimia 31 na umeme hatujauona tangu jana asubuhi, kwa hiyo nikikatika katikati msidhani nimetekwa.

Niko Muheza mjini. Mtaa siutaji, wa huku watautambua kwa harufu. Mvua ilianza Jumamosi iliyopita alasiri na leo ni Ijumaa. Katikati hapo jua nimeliona mara moja, Jumatatu, dakika kama ishirini hivi. Mama watoto akakimbilia kamba na sare za watoto, vibanio havijashika vizuri ikashuka tena. Sasa sare zinakaushwa kwa pasi ya mkaa, na mkaa wenyewe umelowa, unatoa moshi kama tanuri. Mwanangu wa darasa la tatu ameenda shule leo ananuka kama samaki wa kukaushwa.

Najua kuna watakaokuja na "mvua ni neema, mkulima halalamiki mvua". Mimi ni mkulima, nina michungwa, na silalamikii mvua. Someni mpaka chini kwanza.

Kwa wasiojua huku: tuna masika, tuna vuli, na katikati ya kipupwe tuna mchoo. Kwa watu wa pwani kule chini mchoo ni manyunyu ya kupita njia, unajibanza chini ya mwembe kidogo unaendelea na safari yako. Sisi tuko miguuni pa Usambara Mashariki. Kusi inatoka baharini imebeba unyevu wake, inafika hapa inagota mlimani, haina pa kupita ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Amani pale, mita kama 900 kutoka usawa wa bahari, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma ni karibu 600. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902 hawakuwa wanafuata jua. Na mvua yote ya upande huu wa mlima lazima ishuke. Nyingine inaingia mto Zigi (na nyie wa Tanga mjini mnaocheka, maji mnayopikia chai yanapita bwawa la Mabayani yakitokea huku huku), nyingine inateremka kwenye vijito na mifereji ambayo wazee wetu waliijua kwa majina. Mtoto wa hapa anajua kwamba akiamka akaona mlima Magoroto umejifunika gubigubi, nguo zinaanuliwa kabla ya chai.

Basi. Wiki ya pili ya Juni kikaletwa kijiko cha kuchimbia mtaani kwetu. Tulifurahi, sitasema uongo. Mtaro tuliuomba miaka. Watoto walikaa kwenye ukuta kutwa nzima wakikitazama kikichimba, wazee wengine pia, mmojawapo mimi. Nikamwendea msimamizi wa kazi, kijana mstaarabu tu, nikamuuliza mbona sasa hivi, mchoo uko njiani. Akacheka. "Masika yameisha mzee wangu. Sasa hivi ni kiangazi."

Kiangazi! Huyu kijana simlaumu sana, pengine kwao Juni ni kiangazi kweli. Dodoma mvua ikishakata Aprili huioni tena mpaka mwisho wa mwaka. Ila aliyemtuma anakaa hapa hapa, analala hapa hapa, na bati lake linapigwa na mvua hii hii. Nina dhana yangu na naitamka kama dhana, siapi: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na hela ambayo haijafanya kazi mpaka siku hiyo ina maswali yake. Kazi ambayo ingechimbwa Januari, jua linawaka na ardhi ngumu, ikachimbwa Juni. Mwenye maelezo mengine aje, nitayasoma.

Lakini hata hilo la mwezi ningelimeza. Linalonichoma ni namna walivyochimba.

Walianza juu. Jamani, WALIANZA JUU. Hata fundi wa kuchimba mfereji wa choo anajua kwamba mtaro unaanzwa chini, pale maji yatakapotokea, halafu unapanda nao. Ukiishiwa hela, dizeli au moyo katikati, ulichokwisha kuchimba kinatoa maji. Ukianza juu ukaishia katikati, hilo ni bwawa. Wamechimba kama mita mia na hamsini, kina cha kifua cha mtu mzima, halafu mwisho wa Juni kijiko kikapandishwa kwenye lori kikaondoka. Eti kinahitajika kwingine, kinarudi Jumatatu. Jumatatu ipi hawakusema. Udongo wote wakaurundika juu ya mfereji wa zamani, ule mdogo uliokuwa unatusaidia angalau, wakauziba kabisa. Ringi nane za zege za kalavati zimelala pembeni, watoto wanachezea komborela ndani yake.

Sasa bwawa likijaa linatafuta mlango. Usiku wa kuamkia Sabasaba lilipata wa bibi jirani yangu, halafu wangu.

Ilikuwa saa nane kasoro. Nilisikia kitu kama mtu anaburuta gunia uani. Nikawasha tochi ya simu, naona kandambili zangu zinaelea, moja imeshafika jikoni. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, baridi, na ndani yake kila kitu ambacho maji yanakusanya yakipita kwenye vyoo vya shimo vya watu (hapo niishie, wengine mnakula). Tukapandisha watoto kitandani, mchele juu ya kabati, godoro la chini likawa limeshakunywa lote. Nikatoka kwa bibi. Nilimkuta amekaa juu ya meza, kajitanda kanga, katulia, ananiangalia. Nikamwambia shikamoo bibi, pole. Akasema, "Marahaba mwanangu. Wajua, sisi twaitwa Wabondei. Hilo jina latoka kwenye bonde. Maji ya mlimani yaenda wapi kama si bondeni? Hao wenye mashine hawakuuliza hata jina letu?"

Nikambeba mgongoni mpaka nyumba ya mbele yenye kibaraza kirefu. Mzito kuliko anavyoonekana, Mungu anisamehe.

Sabasaba yenyewe ofisi zimefungwa, tukaisherehekea kwa kuteka maji ndani kwa sufuria na ndoo za rangi. Jumatano tukaenda wanne: mimi, mwenyekiti, mjukuu wa bibi, na jirani mmoja fundi seremala ambaye mbao zake za kabati la watu zimevimba zote. Tukakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tano. Ofisi siitaji, mods msije mkafuta uzi. Tukaitwa. Mheshimiwa akatusikiliza vizuri tu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema: "Poleni sana wazee wangu. Hiyo ni kazi ya Mungu. Mvua ya mwaka huu imezidi."

Seremala si mtu wa maneno mengi. Akauliza, "Mvua ya Mungu sawa. Na kijiko kilikuwa cha nani?"

Kimya. Kisha tukaambiwa mkandarasi ameandikiwa barua. Tukaomba kuiona, iko kwenye faili. Faili liko wapi, liko kwa mwenye faili. Mwenye faili yuko wapi, yuko safari. Na sisi tunashauriwa kuandika barua yetu, ipitie kwa mtendaji, iambatanishwe picha. Wakuu, nyumba yangu iko dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini! Njoo uone kwa macho, picha ya nini?

Na tusidanganyane kwamba hakuna aliyejua. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila msimu wanatoa utabiri, wanasema wazi mamlaka za miji zisafishe mifereji mapema, inasomwa redioni mpaka unaikariri. Tuliambiwa tuzibue, wao wakaziba.

Sasa machungwa, maana ndiyo ada ya shule. Msimu umeanza, miti imeinama. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshakubaliana na mnunuzi kutoka Dar, shilingi 60 kwa chungwa, achume kwa watu wake mwenyewe, mimi nahesabu tu. Fuso ikaja Jumapili, ikakwama kwenye ile rundo la udongo la mtaro, kwa sababu njia ya kwenda shambani kwangu inapita hapo hapo. Siku mbili tairi za nyuma zimezama. Wachumaji wakachuma huku mvua inanyesha ili kuwahi, nikawaambia acheni, chungwa lililojaa maji halichumwi: ngozi imevimba, ukilibinya kidogo tu vile vifuko vya mafuta vya kwenye ganda vinapasuka, na mafuta yale yale yanaliunguza. Leo unaliona zima, keshokutwa lina madoa ya kahawia kama mtu aliyepona surua. Hawakusikia, wanalipwa kwa idadi. Alhamisi mnunuzi akanipigia: shilingi 35, na anachagua. Yale mengine yamelala chini ya turubai, yameanza ukungu wa kijani, na dalali aliyetuunganisha simu haipokei. Hapo sijataja shilingi elfu arobaini za vijana waliosukuma Fuso.

Bodaboda kutoka stendi hadi kwangu ilikuwa elfu moja, sasa elfu tatu na anakushushia mbali, unamalizia na gambuti lako. Barabara ya kupanda Amani kupitia Kisiwani na Sigi usiiulize. Kina mama wa iliki na pilipili manga hawajashuka sokoni tangu Jumatano, na waliobahatika kushuka wanashindwa kupanda, wengine wamelala kwa jamaa zao hapa mjini.

Halafu jana nilikuwa nimesimama karibu na reli nikisubiri mvua ipungue, nikawaza kitu kikanipandisha hasira upya. Reli kutoka Tanga ilifika hapa Muheza mwaka 1896. Hakukuwa na kijiko. Ni majembe, karai na migongo ya babu zetu, tena kwa kusimamiwa vibaya. Na treni ya mizigo inapita mpaka leo. Miaka mia na thelathini hivi baadaye, kwa dizeli na mashine na mtu mwenye kofia ya plastiki, tumeshindwa kuchimba mtaro kuanzia chini.

Ninachouliza, na naomba wajuzi wa sheria na wahandisi mlioko humu mnijibu bila siasa: mkandarasi akiacha shimo wazi likaingiza maji kwenye nyumba za watu, anayedaiwa ni yeye au aliyempa kazi? Kuna muda wa kulalamika ukishapita umekwisha? Picha ninazo, tarehe ninazo, na video ya bibi juu ya meza ninayo ila yeye kanikataza kuirusha, nami siwezi kumvunjia heshima.

Na wale wa "mbona mlijenga bondeni", nyumba ya bibi imejengwa kabla ya uhuru. Mtaro ndio uliotukuta.

NYONGEZA, saa 1 jioni: Nimechaji kwa mwenye sola. Mtaniwia radhi sijajibu wote. Aliyesema nimlete mbunge, namba yake unayo wewe? Mvua imepungua, ni rasharasha tu, ila Magoroto haionekani hata kidogo.

NYONGEZA, saa 3 na nusu usiku: Mambo yamebadilika. Limekuja lori la mkandarasi. Tukatoka na taa, wengine wanashangilia, tukajua wameleta watu wa kuzibua. Kumbe wamekuja kuchukua ringi. Zile nane. "Zinahitajika kwingine." Usiku, mvua inanyesha, wamekuja na kreni ndogo na vijana watatu kuchukua ringi!

Ya kwanza ilikuwa imeshapanda. Seremala akaenda kimya kimya akamwomba dereva wa ile Fuso ya machungwa yangu iliyokwisha kukwamuliwa airudishe nyuma kidogo. Ikarudishwa, imesimama njiani mlalo. Lori haliendi mbele wala nyuma. Mwenyekiti kapiga simu anakojua yeye, ameambiwa wasubiri asubuhi. Hakuna aliyempiga mtu wala kumtukana mtu, naandika hili ili libaki kwenye kumbukumbu.

Msimamizi kaondoka na bodaboda. Dereva wa lori kabaki, kijana wa watu, kalowa mpaka kwenye mifupa, anatetemeka. Bibi kaamuru apewe kanga kavu na chai ya tangawizi. Yuko hapa kibarazani sasa hivi, anakunywa kikombe cha pili. Amesema yeye hajui lolote kuhusu mtaro, ameambiwa tu apakie. Ringi saba bado ziko chini.